Deki Iliyogeuka Chumba

"Sisaini," alisema Farhat Noordin, na kuisukuma ile karatasi mpaka ikadondoka upande wa pili wa meza.

Otilia Haule aliinama akaiokota. Ilikuwa na kurasa mbili, kutoka kampuni ya bima, na aya ya tatu ilikuwa imepakwa rangi ya njano ili mjane asihangaike kuitafuta. Aliisoma kwa sauti. "Marehemu mume wangu, Shaukat Noordin, aliiziba na kuiezeka deki ya nyuma kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kibali cha ujenzi."

"Umesikia?" Farhat aliuliza. "Uamuzi wake mwenyewe."

"Walikwambia itakuwaje usiposaini?"

"Kwamba polisi watataka kujua nani alijenga, na hati ya nyumba ina jina langu. Basi waje waulize. Miaka arobaini na minne nimekaa na yule mwanamume, Moshi na hapa. Alikuwa mfamasia. Msumari wa kutundikia kalenda alikuwa akimwita mtu. Leo amekufa ndiyo amekuwa fundi?"

Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, mfupi, shali ya sufu mabegani, na alikuwa hajalia mbele ya Otilia hata mara moja. Siku kumi na sita zilikuwa zimepita tangu Jumapili ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha juu ya theluji ya wiki nzima. Baada ya staftahi Shaukat alichukua gazeti akaenda kukaa kwenye chumba cha vioo nyuma ya nyumba. Farhat alikuwa anaosha sufuria aliposikia kitu kama lori linamwaga kokoto. Alipogeuka, mlango wa nyuma ulikuwa unatazama moja kwa moja mto Humber, na chumba hakikuwepo.

Swali la kesi lilikuwa moja tu. Nani alijenga chumba kile, na lini? Katika jalada la mji kulikuwa na kibali kimoja, cha mwaka 2017, cha deki ya wazi: sakafu ya mbao, uzio, ngazi tatu. Akina Noordin walinunua nyumba Aprili 2022 kutoka kwa Nabeel Dawood, mtu wa kununua nyumba kuukuu za Weston, mtaa wa Toronto, kuzikarabati na kuziuza. Waliinunua kwa kujuana, bila tangazo, bila mkaguzi wa kulipwa, na mkataba ulitaja "deki ya nyuma" tu. Farhat alisema walikikuta chumba kimejengwa, lakini picha zote za familia ndani yake zilipigwa baada ya kuhamia. Nabeel alikuwa ameiandikia bima sentensi moja: niliuza nyumba yenye deki ya wazi.

"Nionyeshe," Otilia alisema.

Walitokea mlango wa pembeni. Otilia alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kama mkaguzi wa majengo katika mji mdogo kaskazini mwa Toronto kabla ya kuchukua leseni ya upelelezi binafsi, na mwanasheria wa Farhat, Suhaila, alikuwa amemkodi kwa sababu hiyo hasa. Polisi walikuwa wamemaliza na kuondoa utepe wao. Kilichobaki kilikuwa rundo la mbao, mabati na vioo, limeegemea mteremko, theluji mpya juu yake.

Farhat alisimama kando, mikono ndani ya shali. "Nielezee kwa Kiswahili cha watu. Huyu wa bima kanisomea vifungu nusu saa, sikuambulia kitu. Deki ikizibwa inakuwa nini?"

"Nyinyi mlikuwa mnaiitaje?"

"Baraza. Sisi kwetu deki ni ya kupigwa na tambara sakafuni."

Otilia alitabasamu kidogo huku akivaa glavu. "Kanuni za ujenzi haziulizi unaiitaje, mama. Zinauliza imebeba nini. Deki ya wazi inabeba watu, viti, na jiko la kuchomea nyama. Siku unapoweka paa, theluji yote ya paa inateremkia kwenye nguzo zilezile. Ukiweka kuta, upepo nao unaanza kusukuma. Hapo si deki tena. Ni nyongeza ya nyumba, na inahukumiwa kama nyumba. Kibali kipya, michoro mipya, na misingi inayoshuka mita moja na sentimita ishirini, kule ambako ardhi haigandi."

"Hata kama hakuna kitanda ndani?"

"Hata kama kuna kiti kimoja. Ukiongeza na joto la kudumu, kanuni zinazidi tena, kwa sababu sasa umesema watu wataishi humo. Lakini bila joto pia ni nyongeza. Paa na kuta zinatosha."

Alianza upande wa nyumba. Pale ukutani palikuwa na mstari wa matundu madogo, mawili mawili, katika matofali ya urembo yaliyofunika ukuta wa kweli. Aliyahesabu akayapiga picha, rula kando yake. Matundu ya misumari inayopigwa kwa bunduki ya fundi. Boriti za paa zilikuwa zimetundikwa kwenye matofali yasiyobeba kitu, kwa misumari mifupi kama kidole. Kisha alishuka hadi kwenye nguzo. Safu ya kwanza, nguzo tatu, ilikuwa imesimama wima kama siku iliyowekwa, juu ya mapipa ya zege yaliyozama ardhini. Michoro ya mwaka 2017 ilionyesha hizo tatu tu.

Lakini kulikuwa na safu ya pili, mita moja na nusu mbele, kuelekea mtoni. Mtu alikuwa ameirefusha sakafu ili chumba kipate nafasi. Otilia alipachika mtaimbo chini ya jiwe la pembeni na kuukandamiza kwa mguu. Jiwe lilibingirika likalala ubavu. Chini yake palikuwa na barafu tupu.

"Limewekwa tu juu," alisema. "Mawe haya yanaruhusiwa kwa deki fupi, isiyogusa nyumba, isiyobeba paa. Ardhi ikiganda inavimba, inayanyanyua. Ikiyeyuka inayaachia. Miaka kadhaa ya kunyanyuliwa na kuachiwa, ile misumari ukutani ikawa inachomoka kidogo kidogo."

Farhat alilitazama lile jiwe. "Kwa hiyo ilikuwa inaanguka muda wote tuliokuwa tunakunywa chai."

"Ndiyo, mama."

Kwenye fremu moja ya dirisha kioo kilikuwa kimepasuka bila kumwagika. Otilia alipiga magoti. Vioo vya nchi ya baridi huwa viwili vilivyogundishwa, katikati yake ukanda mwembamba wa chuma, na viwanda vingi hupiga muhuri kwenye ukanda huo. Alisugua kwa kidole gumba hadi herufi zikajitokeza: jina la kiwanda, kisha 07 21.

"Julai elfu mbili na ishirini na moja," alisema. "Miezi tisa kabla hamjanunua."

"Tumempata!"

"Bado. Kioo kinaweza kukaa ghalani mwaka mzima. Atasema mlinunua vya bei rahisi mahali." Alisimama, akageuza ubao mmoja wa sakafu ili apate pa kukanyaga. Upande wa chini, kwa penseli nene ya fundi, palikuwa pameandikwa BRICE na namba ya simu.

Otilia alimgeukia Farhat.

"Unamjua?"

"Simjui."

"Labda mzee alimjua. Bili za simu yake unazo?"

Farhat aliingia ndani, akarudi na bahasha. Hakuifungua mwenyewe. Otilia alipitisha kidole mstari kwa mstari, na kidole kikasimama. Tarehe kumi na nne Novemba, dakika tisa, namba ileile ya kwenye ubao.

Farhat aliisoma mara mbili. Kisha akaketi juu ya ngazi yenye theluji kama vile ni kochi la sebuleni. "Kamtafute," alisema. "Hata kama atasema nisilotaka kusikia, kamtafute."

*

Brice Kasereka alikuwa ghorofa ya tisa katika mojawapo ya majengo marefu ya Dixon Road, akifunga makabati ya jikoni katika nyumba isiyo na samani hata moja. Ndege zilikuwa zinashuka kuelekea uwanja wa ndege wa Pearson karibu sana kiasi kwamba mazungumzo yalilazimika kusubiri.

"Uko polisi?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Butembo, mashariki mwa Kongo.

"Hapana. Natumwa na mwanasheria wa mjane wa Shaukat Noordin."

Alirudi kwenye kabati lake. "Sina cha kusema, madamu. Jina yangu ikiingia kwa ile mambo, hakuna mutu atanipa kazi tena."

"Limeshaingia." Otilia alimwonyesha picha ya ubao kwenye simu.

Brice aliiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma jina. "Hii iko mukono yangu. Nilijenga deki, elfu mbili kumi na saba, kwa mwenye nyumba wa kwanza. Nguzo tatu, zege chini kabisa. Mukaguzi alikuja mara mbili. Alipima shimo mbele ya kumwaga zege, akarudi kuona mbao. Karatasi iko, unaweza kuuliza."

"Nimeuliza. Nguzo zako zimesimama bado."

Kitu kililegea kidogo mabegani mwake.

"Na paa?"

"Paa hapana. Deki tu."

"Na Novemba iliyopita? Tarehe kumi na nne mzee alikupigia simu. Mliongea dakika tisa."

Ndege ilipita. Brice alisubiri ipite. Kisha akaiweka drili sakafuni.

"Muzee aliona namba yangu chini ya ubao, alikuwa anatafuta paka ya jirani. Akasema mulango inakwama, nije nitazame. Nikaenda. Nikaingia chini na tochi. Madamu, nilitoka haraka. Nilimwambia, papa, hii haiko deki tena. Hii iko nyumba imekaa juu ya mawe. Theluji ikianguka, usikae humu."

"Akasema nini?"

"Akasema ataita watu wa muji mwezi wa ine, baridi ikiisha. Ile chumba bibi yake anaipenda, hakutaka kumuogopesha." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nilimuuliza, nani alikufanyia hii kazi mubaya? Akajibu, tuliikuta."

"Tuliikuta. Neno hilohilo?"

"Neno hilohilo. Lakini neno ya mutu aliyekufa, nani ataisikiliza?"

"Ulipiga picha?"

Brice alitoa simu, akarudi nyuma miezi mitatu kwa kidole. Picha nne. Mawe yaliyoinama. Matofali yenye ufa. Mlango. Ya nne ilikuwa ya ndani ya chumba: kiti cha mkono, meza ndogo ya magazeti, na kwenye kona hita ya umeme, taa yake nyekundu inawaka.

Otilia aliitazama ile taa nyekundu. "Kwa nini hukupiga simu mjini wewe mwenyewe?"

"Nilisema, iko nyumba yake, yeye ndiye atasema." Brice aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Leo nafikiri vingine. Andika jina yangu yote. Brice Kasereka Muhindo. Andika na namba. Wakitaka kuninyima kazi, waninyime. Kazi yangu mimi haikuanguka."

*

Ndani ya gari Otilia alimpigia Farhat. Hakuzunguka.

"Mama, fundi alimwonya. Mzee alijua tangu Novemba."

Ilisikika sauti ya bomba la maji likifungwa. "Hakuniambia."

"Hakutaka kukuogopesha. Bima wakiipata habari hiyo watasema alijua hatari akakaa. Na kuna hita kwenye picha."

"Hita niliinunua mimi. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua. Ya kuchomeka ukutani tu, ya dukani."

"Ile ya kuchomeka haibadilishi chochote kwenye kanuni. Lakini watajaribu kuonyesha kwamba nyinyi ndio mlikigeuza kuwa chumba. Picha ni mali ya Brice, na ushahidi huu unaweza kukuumiza. Nikiutumia, hauwezi kufichwa tena."

"Otilia, mwanangu," Farhat alisema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Yule Nabeel kaandika uongo wa mstari mmoja, na watu wazima wenye tai wakauamini. Mimi nikificha, tutakuwa wawili. Tumia. Tumia yote, na hita, na mimi niliyeinunua."

*

Ofisi ya Nabeel Dawood ilikuwa Unionville, juu ya duka la miwani. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa kwenye dawati la mbele, nyuma ya rundo la majalada. "Mimi ni Arzina, dada yake," alisema alipompokea Otilia koti. "Yuko ndani. Mlango huwa haufungwi, kitasa kimeharibika."

Nje ya dirisha theluji ilikuwa imeanza. Redio ilikuwa imesema sentimita ishirini na tano kufikia jioni.

Nabeel alikuwa na miaka arobaini, shati safi, viatu vya kazi ambavyo havijawahi kuona kazi. Wazazi wake walitoka Nairobi, lakini yeye alikulia hapa, na kila alichoulizwa kwa Kiswahili alikijibu kwa Kiingereza laini cha mtu aliyezoea kuuza.

Otilia aliweka simu yake mezani, kioo juu. "Narekodi."

Rekodi upendavyo, alijibu. Alisikitika kwa msiba. Alimjua mzee Shaukat, mtu mwema. Lakini watu wema pia hufanya ujenzi wa kienyeji wikendi.

"Uliuza nyumba yenye deki ya wazi?"

Ndiyo. Ameshaandika hivyo.

Otilia aliweka picha ya kwanza mezani. "Muhuri wa kioo. Julai 2021. Nyumba ilikuwa yako."

Hakubabaika. Vioo vya mitumba viko kila mahali, alisema. Nusu ya vibanda vya bustani mjini hapa vimejengwa kwa vioo vilivyokataliwa na wateja wengine.

Picha ya pili: jiwe lililobingirika. "Sakafu imeongezwa mita moja na nusu juu ya mawe."

Hapa Nabeel aliegemea kiti na kuanza kufundisha. Mawe ya namna hiyo ni halali kwa deki, alisema, kila mtu anajua. Alitaja kimo, alitaja eneo, alitaja hata kifungu. Alizijua kanuni vizuri. Otilia alimwacha aendelee, akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, hadi akafika mwisho.

"Kumbe unazijua," alisema. "Basi nisaidie jambo moja. Kile kitu kilichoanguka kanuni zinakiweka wapi? Ni deki au ni chumba?"

Deki yenye kizuizi cha upepo, Nabeel alijibu mara moja. Ya misimu mitatu, ukiondoa baridi. Watu hukaa kiangazi na vuli. Haina tofauti na mwavuli mkubwa.

"Nilidhani hivyo pia." Otilia alitoa picha ya Brice na kuiweka juu ya nyingine zote. Kiti, magazeti, taa nyekundu. "Lakini ndani mlikuwa na joto. Joto linamaanisha watu walikusudiwa kukaa humo majira ya baridi. Sasa si deki, si kizuizi cha upepo. Ni chumba cha kuishi, bila msingi, bila kibali, na mtu amefia humo. Aliyeweka paa lile anajibu kwa chumba cha kuishi."

Nabeel aliivuta picha. Shingo yake iligeuka nyekundu, na kilichotoka kinywani hakikuwa Kiingereza tena bali Kiswahili cha jikoni kwa mama yake.

"Ah ah, usiniletee! Hiyo hita si yangu! Mimi niliweka glasi na paa, basi. Sikuweka hita, sikupitisha waya, hata soketi moja sikuweka huko nje! Nilivyowaachia haikuwa na joto, na bila joto hiyo si chumba!"

Kwenye ofisi ya nje, kibodi ya Arzina ilinyamaza.

Otilia hakuichukua simu. Aliiacha palepale mezani, sekunde zikihesabika kwenye kioo chake. "Uliweka glasi na paa," alirudia taratibu. "Mwaka gani?"

Nabeel alikuwa ameshasikia alichosema. Alirudi kwenye Kiingereza kama mtu anayerudi ndani na kubana mlango. Mazungumzo yamekwisha. Rekodi hiyo haina maana. Jalada la mji linasema deki, mkataba unasema deki, na yeye atasema deki mbele ya hakimu yeyote.

"Sema. Na mimi nitamwambia hakimu huyohuyo kwamba hita ni ya dukani, ya kuchomeka, na haibadilishi chochote. Ilikuwa nyongeza ya nyumba siku ile ulipoweka paa. Ungekuwa unaziamini kanuni ulizonisomea, ungejua hilo. Unazijua, ila unachagua mistari."

Wewe ni nani? Nabeel aliuliza. Mkaguzi wa zamani wa kijiji fulani. Mwenye nyumba ni bibi kizee asiye na karatasi hata moja. Kesho bima watampelekea barua nyingine, na kesho kutwa nyingine, na mwisho atachoka.

"Hujakutana naye vizuri," Otilia alisema.

Alikusanya picha zake. Alipoinuka ndipo macho yake yalipofika ukutani nyuma ya kiti cha Nabeel. Kulikuwa na fremu za picha za nyumba zilizokarabatiwa, matofali yamesafishwa, milango imepakwa rangi. Nyingi zilipigwa kutoka mbele. Lakini tatu zilipigwa kutoka bustanini, na katika zote tatu kulikuwa na kisanduku kilekile cha vioo, mteremko uleule wa paa la bati, kimebandikwa kwenye ukuta wa nyuma. Moja ilikuwa na mapazia. Moja ilikuwa na kiti cha mtoto.

Otilia aliangalia dirishani. Theluji ilikuwa haianguki tena kwa madaha. Ilikuwa inashuka nzito, yenye maji.

"Nabeel, nyumba ngapi?"

Nabeel aligeuka akazitazama picha za ukutani.

"Sikuulizi kwa ajili ya kesi. Umeweka vyumba hivi kwenye nyumba ngapi, na ziko wapi?"

Nabeel alinyanyua simu ya mezani, akasema anamwita mwanasheria wake, na kwamba bila amri ya mahakama hakuna jalada litakalotoka katika ofisi ile. Kisha akaiweka simu, akaenda kusimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, kana kwamba Otilia angempita kwa nguvu.

"Saba," sauti ilisema nyuma yake.

Arzina alikuwa amesimama. Majalada yalikuwa yameshafunguliwa juu ya dawati, yamepangwa kwa mstari. "Na ile ya Weston iliyoanguka ni ya nane. Zote zilijengwa kati ya mwaka 2020 na 2022. Mbili ziko Weston. Moja hapa Unionville. Tatu ziko barabara za nyuma ya Dixon, Kingsview Village. Ya saba ni ya Mama Askari, aliyetufundisha sote dini tukiwa wadogo."

"Arzina," kaka yake alisema. "Keti."

"Niliandika zile ankara mimi. Uliniambia ni vivuli vya bustani."

"Keti chini, nasema!"

"Siketi." Alichukua jalada la kwanza. Alimtazama Otilia juu ya bega la Nabeel. "Namba zao za simu ziko ukurasa wa kwanza. Nianzie wapi?"

"Penye watoto," Otilia alisema. "Halafu piga idara ya zimamoto, uwape orodha yote. Nisomee ya kwanza."

Arzina aliisoma. Otilia alibonyeza, simu ikaita mara nne, na mwanaume akapokea kwa Kiingereza, nyuma yake runinga na kicheko cha mtoto. Otilia alijitambulisha kwa maneno machache. Akauliza, chumba cha vioo cha nyuma, kuna mtu ndani sasa hivi?

Ndiyo, mwanaume alisema, wote tuko humu, tunatazama theluji. Kwani vipi?

"Tokeni," Otilia alisema. Aligundua amesema kwa Kiswahili, lakini yule mwanaume alikuwa ameelewa, kwa sababu kicheko kilikatika. "Acheni kila kitu. Mbebe mtoto, tokeni humo, fungeni mlango wa nyumba nyuma yenu. Nitakueleza mkishatoka. Sikati simu."

Alisikia kiti kikiburuzwa, hatua, mwanamke akiuliza kuna nini, mlango mzito ukifungwa. Kisha pumzi za mtu. Tumetoka, alisema.

Nabeel alikuwa amekwisha kufika kwenye dawati la mbele. Aliweka kiganja juu ya simu ya mezani ya dada yake. Arzina hakubishana naye. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akachukua jalada la pili kwapani, akamgeuzia kaka yake mgongo na kuanza kubonyeza namba.